Kisichosikika

Aboud Timami amevipanga vitatu juu ya kaunta,
dukani kwake Langoni, kati ya betri za tochi na pakiti za mbegu.
"Ndoo," aniambia, "utizame kwa mato, si kwa bisibisi."
Ananijua.
Mwaka juzi aliniuzia redio; jioni ile ile akapita
akaikuta barazani kwetu, matumbo nje.

Cha kwanza chembamba kama kaki,
uso kioo, mgongo kioo.
Napitisha ukucha ukingoni: hakuna mwanya, hakuna skurubu.
Kimegundishwa. Kimezaliwa kimefumba mdomo.
Betri ikifa nacho kimekufa,
na hewa yetu ya chumvi haingoji betri izeeke.
Gigabaiti sitini na nne, asema Aboud,
kwa fahari ya mtu aliyeambiwa.

Cha pili kina matundu mawili ya kadi
na gurudumu dogo lizungukalo, trik, trik, chini ya kidole gumba.
Nilikipenda, sikatai.
Lakini kila kiamkapo chadai mtandao,
chataka kujua mimi nani, nimekubali masharti gani.
Mgeni gani huyu, umkaribishe chumbani
akuombe kitambulisho?

Nina kanda mia tatu na kumi na mbili.
Baba alizirekodi mwenyewe: harusi za Mkomani, maulidi,
mabishano ya bao, na hitima moja aliyokatazwa.
Dakika tisini kila moja.
Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya stima:
saa mia nne sitini na nane;
karibu gigabaiti mia tatu, zisipobanwa.

"Zibane, shangazi," asema Twaha, asomaye kompyuta Mombasa.
"Zitaenea hata kwenye simu.
Kinachotupwa ni kile tu ambacho sikio halisikii."

Neno hilo nimelilalia siku tatu.
Nani alilipima sikio? Sikio la nani?

Kanda ya arubaini na moja, chini ya vugo,
chini ya vigelegele, kuna mlio mwembamba.
Nilidhani ni umeme wa kinasa sauti. Nikasafisha kichwa chake kwa spiriti,
nikabadili waya, mlio upo.
Usiku wa tatu ndipo nilipoujua:
feni ya Bi Mwanashee, beringi yake kavu,
ambayo baba aliahidi kuitia mafuta
akimaliza harusi hiyo, na nyingine, na nyingine.

Nikarudi kwa Aboud.
"Nipe cha tatu."
"Kile ni maiti, mama."
Kweli, diski yake ilikuwa ikigonga, kt, kt, kama mjusi ukutani.
"Nipe maiti."

Nilikifungua kwa kadi ya kukwangua ya simu, ya zamani,
maana chuma huumiza kingo.
Diski nje. Mahali pake kibao cha kijani,
juu yake kadi mbili ndogo kama kucha za mtoto.
Utepe wa betri niliukata mara ya kwanza,
nikatukana, nikaomba radhi, nikalehemu upya
pumzi imebanwa, moshi wa risasi machoni.
Nikakitia programu huria, isiyoniuliza jina.
Kikanionyesha mistari ya makosa hadi adhuhuri.
Kisha, bila adabu wala salamu, kikaimba.

Mgongo haufungi sawasawa; betri niliyotia ni nene.
Nimeufunga kwa mpira wa mtungi wa achari
na mfuko wangu wa buibui sasa unanukia ndimu.
Twaha alicheka mpaka akakaa chini.

Jana nilikwenda kwa Bi Mwanashee na kopo la mafuta.
Nikapanda kiti, nikatia matone matatu, nikateremka.
Tukasimama sote wawili, twaitizama.
Ikazunguka kimya.

Mlio ule haupo tena Lamu nzima,
ila hapa, mfukoni,
chini ya vugo, kwenye ile nafasi
iliyosemwa ni ya kutupwa.